Glita ya Kadi na Glita ya Ngozi: Kila Kopo na Kazi Yake



Kadi za salamu mnazozipata kutoka kwetu kila mwisho wa mwaka zinatengenezwa kwa mikono na kikundi cha kinamama na vijana hapa Lisekese, Masasi. Wengi wenu mmeuliza zinatengenezwaje. Kamati kadhaa za parokia nazo zimeuliza kuhusu kazi ya pili ya kikundi hicho, yaani kupamba mikono na nyuso za mabinti na watoto kwa hina, rangi na glita, vile vipande vidogo vinavyometameta, wakati wa harusi, mahafali na sikukuu. Katika makala hii tunaeleza kazi zote mbili, pamoja na kosa letu lililotufundisha kuzitenganisha.

Kosa letu

Mafunzo yetu ya mwanzo yalihusu kadi peke yake. Tulifundisha kupima, kukata, kubandika na kutunza hesabu. Hatukusema lolote kuhusu ngozi, kwa kuwa hatukufikiri kwamba kazi itafika huko. Lakini vifaa vikiwapo, kazi huzaa kazi. Siku ya kuamkia sikukuu mabinti walijipanga foleni ili wapambwe, na kopo la glita ya kadi lilikuwa palepale mezani. Piko nyeusi ilinunuliwa sokoni, ikiwa ndani ya kifuko kisicho na maandishi yoyote.

Siku ya tatu binti mmoja alirudi na malengelenge mkononi, yamefuata maua yaleyale aliyochorwa. Mtoto mwingine alikuwa amefikicha jicho lenye glita, likawa jekundu na linatoa machozi. Wote wawili walitibiwa wakapona, ingawa yule binti amebaki na alama. Mama yake hakutugombeza. Alituuliza tu, "Kwani ninyi mlioleta mafunzo hamkujua?" Hatukuwa na jibu. Tangu siku hiyo somo la ngozi linatangulia somo la kadi.

Kadi inavyotengenezwa

Karatasi za zamani za ofisini na shuleni huchanwa vipande vidogo na kulowekwa usiku kucha. Kesho yake hutwangwa kwenye kinu mpaka ziwe kama uji mzito. Uji huo humiminwa kwenye beseni la maji. Kisha fremu ya mbao iliyowambwa wavu wa dirishani huzamishwa na kuinuliwa polepole, ili maji yachuruzike na utando wa karatasi ubaki juu. Utando hugeuziwa juu ya kitambaa, hukandamizwa kwa ubao wenye uzito, na huanikwa. Tunasisitiza kwamba ni wavu wa dirishani. Chandarua cha kulalia kisikatwe kwa kazi hii.

Gundi tunapika wenyewe kwa unga wa muhogo na maji, mpaka uji ung'ae. Mapambo ni maganda makavu ya mgomba yaliyonyooshwa, mabaki ya kitenge kutoka kwa mafundi cherehani, na glita kidogo. Kwa vikundi vya Newala, ambako maji yamekuwa shida ya miaka mingi juu ya uwanda wa Makonde, tunashauri wasitengeneze karatasi. Wanunue manila ngumu na kuipamba kwa mgomba na kitenge. Haifai mama ateke maji kwa taabu halafu yaishie kwenye beseni la karatasi.

Kalenda nayo ina maana kubwa. Kadi za Krismasi hutakiwa wakati uleule ambapo kila mkono uko shambani ukiokota korosho, kuanzia Oktoba. Mvua zikianza, karatasi haikauki vizuri na huota ukungu. Kwa hiyo karatasi zote hutengenezwa kiangazi, na kadi huwa zimekamilika kabla ya mavuno kupamba moto. Jambo jingine ni salfa inayopulizwa mikorosho. Karatasi zisianikwe karibu na shamba linalopuliziwa, kwani vumbi lile la manjano hushika kwenye karatasi mbichi.

Glita ni kitu gani?

Glita nyingi ni plastiki. Kiwandani huchukua utando mwembamba sana wa plastiki, wakaupaka alumini ili ung'ae, wakautia rangi, kisha wakaukata vipande vidogo, mara nyingi vyenye pembe sita. Kwa kuwa vimekatwa, vina kona. Kona hizo hazina madhara kwenye kadi, lakini kwenye jicho zinaweza kukwaruza kioo cha mbele, na mkwaruzo huo ukiingiwa na uchafu huleta kidonda. Kuna pia glita ya chuma au ya vioo vilivyosagwa, ambayo ni ya hatari zaidi.

Glita ya kujipamba hukatwa ndogo zaidi, na rangi zake ni zile zinazoruhusiwa kwenye vipodozi. Kopo lake huandikwa kwamba ni la ngozi. Ile isiyoandikwa hivyo tunaihesabu kuwa ya kadi, hata kama kwa macho zinafanana. Hata ile ya ngozi hatuipaki karibu na macho wala mdomo, na hatumpaki mtoto ambaye bado anafikicha macho kwa mazoea. Kuishikiza tunatumia mafuta mazito ya kujipaka. Gundi ya kadi haigusi ngozi kamwe.

Liko na suala la mazingira. Vipande hivi haviozi. Vikifagiliwa nje, mvua huvipeleka mashambani na mabondeni. Umoja wa Ulaya, kuanzia tarehe 17 Oktoba 2023, ulipiga marufuku uuzaji wa glita ya plastiki ya kumwagwa inayotumika katika kazi za mikono, kwa sababu hiyohiyo ya kuchafua udongo na maji. Kwa hiyo tumepunguza. Kadi iliyokuwa imejaa glita kutoka kona hadi kona, sasa ina nyota moja tu, na iliyobaki ni kazi ya mgomba na kitenge. Wanunuzi hawajalalamika.

Hina na piko si kitu kimoja

Hina ni majani ya mhina yaliyokaushwa na kusagwa. Unga wake ni wa kijani, una harufu ya majani, na hukorogwa kwa maji ya ndimu au chai kali. Rangi yake huanzia rangi ya chungwa hadi kahawia yenye wekundu. Hutaka saa kadhaa mkononi, na hukolea zaidi siku ya pili. Hina haiwezi kuwa nyeusi tii peke yake, wala haikolei kwa dakika chache.

Piko ndiyo nyeusi. Maharusi wa Zanzibar, Mombasa na Lamu wanaijua siku nyingi, na huku kwetu imekuja kwa njia ya masoko na saluni. (Jina hili lisichanganywe na ngoma ya mapiko ya Wamakonde.) Piko inayouzwa siku hizi mara nyingi ni dawa ya kupaka nywele nyeusi, yenye kemikali iitwayo parafenilenidiamini, kwa kifupi PPD. Sheria za Ulaya zinairuhusu kwenye rangi ya nywele tu, isizidi asilimia 2 inapopakwa kichwani, na haziiruhusu kuchorea ngozi. Wachoraji wetu huikoroga kwa kukisia.

Wenzetu wanaobangua korosho wataelewa haraka. Mafuta ya ganda la korosho huunguza na kubabua mikono, ndiyo maana mbanguaji hujipaka majivu au mafuta kwanza. Tofauti ni kwamba korosho huonyesha ukali wake mapema na karibu kwa kila mtu, lakini PPD huchagua, tena huchelewa. Mtu anaweza kupakwa mara ya kwanza asione kitu, kumbe mwili umeshaanza kuikataa. Akipakwa tena, baada ya siku mbili au tatu ngozi huwasha, huvimba na kutoa malengelenge. Huo ndio mzio, au aleji. Ukishaingia kwa kawaida hauondoki, na mtu huyo hataweza kutumia rangi nyingi za nywele maisha yake yote. Mbaya zaidi, dawa hiyo ikimezwa huvimbisha koo na kuharibu figo, na imeua watu. Isiwekwe mahali ambapo mtoto anaweza kuifikia.

Kikundi chetu kimeacha kabisa piko. Hina tunayotumia haichanganywi na mafuta ya taa wala petroli, kama wengine wanavyofanya ili ikolee. Mteja mpya tunampaka tone dogo kwenye kiwiko kwa ndani, na tunasubiri siku mbili. Watoto wachanga hatuwapaki. Wako watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali inayopatikana zaidi katika nchi zenye malaria, na kwa mtoto wa namna hiyo hata hina safi inaweza kuharibu chembe za damu.

Ngozi ikianza kuwasha, ioshwe kwa maji na sabuni. Malengelenge yasipasuliwe, na mgonjwa apelekwe zahanati. Jicho likiingiwa na glita lisifikichwe. Liogeshwe kwa maji safi mengi, na maumivu yakiendelea mtu aende hospitali siku hiyohiyo.

Je, kupamba mwili kunafaa?

Baadhi ya wajumbe wa kamati wameuliza kama parokia iruhusu kazi hii kabisa. Ni swali la haki, na si jipya katika nchi hii ya Masasi na Newala. Karl Weule, mtaalamu kutoka makumbusho ya Leipzig, Ujerumani, alipita huku mwaka 1906, akaandika na kupiga picha za watu waliopambwa kwa chale usoni na mwilini, na kinamama waliovaa ndonya mdomoni. Leo chale za namna ile tunaziona zaidi kwenye vinyago vya mapiko kuliko kwenye nyuso za vijana.

Askofu William Vincent Lucas, aliyeongoza Dayosisi ya Anglikana ya Masasi tangu 1926 hadi 1944, anakumbukwa kwa kuliweka jando katika utaratibu wa Kikristo badala ya kulipiga marufuku. Alipima mila, akachukua yenye kujenga na kuacha yenye kuumiza. Nasi tunashauri kipimo hichohicho. Kamati ikipiga marufuku moja kwa moja, mabinti watachorwa uchochoroni kwa piko ya kifukoni. Ni afadhali wachorwe mchana, mbele ya kinamama wanaojua kilichomo ndani ya kopo.

Hesabu isiyodanganya

Kazi hii isipoleta kipato haitadumu. Tuchukue mfano wa kufundishia. Vifaa vya kadi 50 vimegharimu Sh. 20,000. Watu watatu wamefanya kazi siku mbili, na kila mmoja anastahili Sh. 5,000 kwa siku, yaani Sh. 30,000. Jumla ni Sh. 50,000. Kadi 5 zimeharibika. Wengi hugawanya kwa 50 na kupata Sh. 1,000 kwa kadi, kisha huuza kwa bei hiyo na kushangaa sanduku halijai. Igawanywe kwa kadi nzima 45, na gharama ya kweli ni Sh. 1,111. Akiba ya kikundi huanzia juu ya hapo.

Salamu nyingi siku hizi hutumwa kwa simu, hivyo kadi za sikukuu peke yake hazitoshi. Soko lililo karibu zaidi ni kadi za michango ya harusi, za kipaimara, za komunyo ya kwanza na za mahafali.

Tunaomba nini?

Kwa kamati za parokia: kila kikundi kiwe na masanduku mawili yenye kufuli mbili, moja la kadi na moja la ngozi, na mjumbe mmoja wa kamati ayakague kabla ya kila sikukuu. Chombo kisicho na maandishi kisiingie kwenye sanduku la ngozi. Vipodozi sasa viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililopokea jukumu hilo mwaka 2019. Bidhaa yenye mashaka iulizwe huko.

Kwa wafadhili: tunawashukuru kwa maboksi ya vifaa mnayotutumia. Tunaomba msihamishie glita kwenye mifuko midogo ili kupunguza uzito wa mzigo. Iacheni ndani ya kopo lake lenye maandishi. Tukipokea glita isiyo na maandishi tutaitumia kwenye kadi tu, hata kama ninyi mlikusudia iwapambe watoto.

Yule binti aliyeumia mkono bado yuko nasi. Yeye ndiye anayeshika ufunguo wa sanduku la ngozi, na hajawahi kutukopesha hata kwa dakika moja.