Bawa linapogongwa kwa sarafu

Wiki mbili zilizopita nilitaja hapa glaida, yaani ndege isiyo na injini, ambayo huvutwa mpaka juu kisha ikaachwa ielee yenyewe. Msikilizaji mmoja akaniletea swali: kama injini haina, mafundi wanakagua nini kila mwaka?

Jibu nililiona kwa macho. Nilipokuwa masomoni Ujerumani nilipelekwa katika karakana ya klabu moja ya glaida. Ilikuwa Januari, msimu wa kuruka umekwisha, mabawa yamechomolewa na kulazwa juu ya viunzi vya mbao. Mzee mmoja alikuwa akisogea hatua kwa hatua, akiligonga bawa kwa sarafu. Kwa kweli nilidhani anapoteza muda.

Kumbe bawa la faibaglasi ni tabaka za nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, na ndani yake imelala boriti inayobeba sehemu kubwa ya mzigo. Mahali pazima hutoa mlio mkali. Pale tabaka zilipoachana mlio huwa mzito, kama ukuta ambao plasta yake imebanduka. Nyufa za juu juu nazo ni nyingi, na nyingi ni uzee wa rangi tu. Ya kutisha ni ile iliyoingia kwenye nyuzi zenyewe, na ili kuijua fundi hana budi kuikwangua rangi. Mabawa yakisharudishwa, hutikiswa kwenye ncha na kuhesabiwa yanapanda na kushuka mara ngapi kwa dakika, kisha hesabu hulinganishwa na ya zamani. Bawa lililoumia ndani hulegea, likatikisika polepole zaidi.

Ya alumini yana ugonjwa mwingine. Ribiti iliyolegea huonekana kwa weusi unaoizunguka, na bati lililokunjamana halijifichi. Kinachojificha ni uchovu wa metali. Tarehe 12 Juni 2010, huko Austria, glaida aina ya Blanik L-13, iliyobuniwa Czechoslovakia miaka ya 1950, ilikatika bawa ikiwa angani. Wawili waliokuwamo walikufa. Boriti ilikuwa imechoka karibu na shina la bawa, mahali ambapo jicho halifiki kirahisi. Mwaka huo huo wakuu wa usalama wa anga wa Ulaya wakazizuia ndege za aina hiyo zisiruke.

Ndiyo maana daftari la ndege ni sehemu ya ukaguzi: saa ilizoruka, mara ngapi ilivutwa kwa winchi, mara ngapi ilipinduliwa angani kwa mbwembwe. Kila mara bawa hupinda kidogo, na chuma hakisahau.

Narudi kwa yule mzee. Karibu na ncha mlio ulibadilika. Akachora duara kwa penseli, akawageukia wanachama: nani aligusa ardhi kwa bawa hili msimu uliopita? Kimya. Mwishowe kijana mmoja akanyanyua mkono. Ilikuwa Agosti, alitua shambani, ncha ikakwaruza majani, naye akaona si kitu cha kuandika. Tangu Agosti wenzake walikuwa wakilirusha bawa hilo hilo.

Nilingoja mzee afoke. Akavaa miwani, akafungua daftari, akamwuliza: Agosti tarehe ngapi?