Mzega wa Mpiga Picha

Mizani ya mama muuza mpunga pale Nyamilangano ni ile ya kuning'iniza, yenye ndoano chini na uso wa duara kama saa ya ukutani. Jumamosi moja asubuhi ndoano ile ilishikishwa kitu ambacho haijazoea: begi jeusi la kamera, na stendi ya miguu mitatu imefungwa ubavuni. Mwenye begi ni kijana anayepiga picha za harusi, kuanzia vijijini Ushetu hadi Kahama mjini. Mshale ulipita kumi, ukapita kumi na tatu, ukatulia pua na mdomo na kumi na nne.

"Hili limezidi debe la mpunga, mwanangu," mama alisema. "Unalipeleka wapi?"

"Sendofu leo, mama. Kesho harusi."

"Na wewe mwenyewe ndiye punda?"

Kijana alicheka, lakini alikuwa amenijia kwa jambo lisilochekesha. Kila Jumapili jioni, baada ya shughuli za siku mbili, vidole viwili vya mwisho vya mkono wake wa kushoto vinakufa ganzi. Alitaka ushauri wa begi la kununua. Nikamwambia tulipime kwanza hili alilonalo.

Tulilifungua juu ya gunia tupu. Begi lenyewe, bila kitu ndani, kilo 2.2. Kamera mbili, kila moja gramu 900 hivi. Lenzi ndefu ya kuvutia mbali, ile ya 70 hadi 200, kilo moja na nusu. Lenzi ya kati, gramu 800. Flashi mbili na betri zake, zaidi kidogo ya kilo moja. Laptop na chaja yake, kilo 2.6. Betri za akiba, chaja, nyaya, chupa ya maji. Nje ya begi, stendi ya kilo mbili na nusu. Jumla kilo 13.8, na kijana mwenyewe ana kilo 58. Anatembea na karibu robo ya uzito wake. Kwa wanafunzi, kiwango kinachopendekezwa na wengi ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mwili. Mtu mzima mwenye mazoezi anaweza kuzidisha kidogo, ila mwanafunzi hutua begi lake akifika darasani. Mpiga picha hukaa nalo ukumbini kutwa nzima, akichuchumaa, akiinuka, akirudi nyuma bila kutazama.

Nchi hii inajua mizigo tangu zamani. Karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu hadi pwani na kurudi na nguo na waya wa shaba, na mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Mwaka 1860 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walianza safari kutoka Zanzibar wakiwa na vifaa vya kupigia picha. Grant ndiye aliyekuwa mpiga picha. Wakati ule picha ilipigwa kwenye sahani ya kioo iliyopakwa dawa, na kazi ya dawa ilifanyika papo hapo, ndani ya kihema kidogo kilichozibwa mwanga. Hawakufika mbali. Speke aliandika kwamba joto la kihema kile lingemuua mwenzake upesi, akairudisha kamera pwani. Grant akabaki na rangi na karatasi, na mwaka 1861 alikaa miezi kadhaa akichora katika nchi aliyoiita Ukuni, kabla ya kufika Msalala. Mtu wa kata ya Ukune, hukuhuku Ushetu, akikutana na jina hilo atalisoma mara mbili.

Wapagazi wale walikuwa na chombo kinachostahili kutazamwa na kila anayenunua begi leo: mzega. Ni mti wa begani wenye mzigo huku na huku. Waya wa shaba, kwa mfano, ulikunjwa mizunguko ikaning'inizwa ncha zote mbili. Bega lilikuwa moja, uzito ulikuwa mkubwa, lakini pande mbili zilijibizana na mwili ukabaki wima. Aliyebuni mzega alijua tayari kile ambacho daktari wa mifupa atakueleza kwa mchoro: kinachoumiza si kilo peke yake, ni umbali kati ya kilo hizo na uti wa mgongo.

Misuli inayousimamisha mgongo imejishika karibu sana na pingili, kama sentimita tano tu nyuma ya mahali uzito unapoegemea. Ukinyoosha mikono ukashika kamera yenye lenzi ndefu, kilo 2.4 zikae sentimita 40 mbele ya mgongo, umeweka umbali mara nane ya ule wa misuli. Kwa hiyo misuli inavuta mara nane ya uzito huo, kilo 19 hivi, ili usianguke kifudifudi. Na hapo sijahesabu uzito wa mikono yenyewe. Begi la mgongoni hufuata sheria hiyohiyo kwa upande wa nyuma. Begi nene, lililojazwa hadi likatuna kama kikapu cha pamba, linavuta nyuma, na mwenye begi anainama mbele ili kusawazisha. Akishainama, kichwa nacho kinatangulia na shingo inashika kazi isiyo yake. Jioni atasema mgongo unauma, na ukimgusa shingoni ataruka.

Mwaka 1986 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti uliofanyika Kenya kwa wanawake wa Kijaluo na Kikuyu. Mmoja wa waandishi wake alikuwa mwanafiziolojia Geoffrey Maloiy. Wanawake hao walitembea wamebeba mizigo, wengine kichwani, huku hewa ya oksijeni wanayotumia ikipimwa, na ikaonekana kwamba mpaka asilimia 20 ya uzito wa mwili walibeba bila kuongeza nguvu yoyote ukilinganisha na kutembea mikono mitupu. Miaka ya 1990 ikaelezwa kwamba siri iko kwenye mwendo: kila hatua mwili hupanda na kushuka kama timazi inayobembea, na wanawake wale walikuwa hodari wa kuirudisha nguvu ya kushuka iwe nguvu ya kupanda. Lakini mwaka 2010 watafiti waliwapima wanawake wa Kixhosa huko Afrika Kusini, wakakuta kwamba kwa wastani kubeba kichwani hakukuwa rahisi kuliko kubeba mgongoni, na shingo nyingi zilikuwa na maumivu. Simshauri mtu aweke kamera kichwani. Ninachokichukua kwa watafiti wa 1986 na kwa wapagazi ni kimoja: mzigo ukikaa karibu na mhimili wa mwili, mwili hulalamika kidogo.

Sasa vile vidole vya kijana vinavyokufa ganzi. Mishipa ya fahamu inayokwenda mkononi hutoka shingoni, hupita kati ya mfupa wa mtulinga na ubavu wa kwanza, kisha huingia kwapani. Njia hiyo ni nyembamba. Mkanda mwembamba wa begi ukikandamiza juu ya mtulinga saa nyingi, mishipa hubanwa, na ganzi hujitokeza mbali na mahali penye kosa, yaani kwenye vidole. Madaktari wa jeshi wanaujua ugonjwa huu vizuri kutokana na askari wenye mabegi mazito. Wengine hufikia kushindwa kuinua mkono, au bapa la bega hujitokeza nyuma kama bawa. Mara nyingi hali hurudi kuwa ya kawaida mzigo ukipunguzwa, lakini huchukua wiki au miezi. Ganzi isiyoondoka baada ya siku chache za kupumzika, mkono unaoishiwa nguvu, au maumivu ya mgongo yanayoteremka mguuni, hayo ni ya kupeleka hospitali. Ukiongezea kushindwa kuzuia haja, usingoje kesho.

Ndiyo maana begi la kamera lijaribiwe mwilini, na lijaribiwe likiwa na mzigo. Muuzaji atakuonyesha zipu, mifuko na nembo. Wewe omba kilo nane za kitu chochote, hata mchele, utie ndani, uvae, utembee dakika kumi. Mikanda ya mabega iwe mipana na yenye sponji gumu. Sponji laini linalobonyea hadi vidole vikakutana litakuwa karatasi baada ya miezi mitatu. Mkanda wa kiuno uketi juu ya mifupa ya nyonga. Ukikaa tumboni haubebi kitu. Mkanda huo ndio watu wengi huukata kwa kisu eti unaning'inia, nao ndio wenye kazi kubwa: katika vipimo vya begi lenye fremu, mkanda wa kiuno ulipeleka karibu theluthi moja ya uzito kwenye nyonga, uzito ambao vinginevyo ungekaa mabegani. Urefu wa begi upimwe kwa futi ya fundi cherehani, kuanzia kifundo cha mfupa kinachochomoza chini ya shingo ukiinamisha kichwa, hadi usawa wa juu wa mifupa ya nyonga. Begi refu kuliko hapo litakugonga makalio kila hatua.

Ndani, kizito kikae karibu na mgongo, usawa wa katikati au juu kidogo. Flashi na nyaya ziende upande wa nje. Na begi likiwa na nafasi ya lenzi sita, utabeba lenzi sita. Sijaona mpiga picha aliyeacha nafasi wazi. Nunua dogo.

Anayeona bei za mabegi ya kamera zinamzidi asikate tamaa. Begi zuri la mtumba la kupandia milima, lenye fremu na mkanda wa kiuno, pamoja na vipande vya godoro gumu vilivyoshonwa na fundi viatu kugawa vyumba, linaweza kuushinda mkoba mpya wa kuning'iniza begani. Tena halimtangazii mwizi wa stendi ya basi kilichomo. Mkoba wa bega moja una raha yake ya kuchomoa kamera haraka, lakini bega lililobeba hupandishwa juu bila mwenyewe kujua, na misuli ya upande mmoja wa shingo haipumziki. Kama ni lazima, uwe wa kamera moja na lenzi moja, mkanda upite kifuani, na ubadilishe bega.

Bodaboda ina hesabu yake. Abiria aliyevaa begi la kilo 14, kila shimo la barabara linaliinua begi na kulirudisha mabegani kwa kishindo. Legeza mikanda kidogo, lishushe hadi kitako cha begi kiketi kwenye siti, mabega yabaki kushikilia tu. Stendi ya chuma isikae wima juu ya uti wa mgongo. Mkianguka, ndicho kitu cha kwanza utakachoangukia. Mtetemo wa njia za vumbi hulegeza hata skrubu za lenzi, kwa hiyo sponji la chini ya begi liwe nene kuliko la pembeni.

Wapo wanaopiga picha kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, huko Msalala, Mbogwe na Geita. Hapo begi huwa chombo cha kusafirishia vumbi. Mawe ya dhahabu yakisagwa kwenye karasha hutoa vumbi la silika, laini kiasi cha kufika vyumba vya mwisho vya mapafu. Likivutwa kwa muda mrefu husababisha silikosisi, ugonjwa wa mapafu kuwa na makovu, na kukirahisishia njia kifua kikuu. Kwenye mialo ya kuoshea kuna zebaki, ambayo hutoa mvuke hata bila kuchomwa. Begi la kitambaa lililowekwa chini pale, kisha likapelekwa chumbani na kupigwapigwa vumbi litoke, limehamisha machimbo hadi kitandani kwa mtoto. Kwa kazi hizo chagua begi la kitambaa kilichopakwa mpira, linalofunguka upande wa mgongoni ili mikanda isiguse tope. Litundike au lilaze juu ya salfeti safi. Lifute kwa kitambaa kibichi nje ya nyumba. Usilikung'ute, wala usipulize kwa mdomo. Na wewe uwe na barakoa ya vumbi, maana begi halipumui.

Kiangazi kikipita, kuanzia Novemba, adui ni unyevu. Kuvu huota ndani ya lenzi iliyofungiwa kwenye begi lenye majimaji, na vile vipakiti vya punje za kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vina kazi zaidi hapa kuliko kule vilikotoka. Lakini dawa ya kwanza ni kutoa kamera nje ya begi ukifika nyumbani.

Pale kwa mama muuza mpunga, laptop ilitolewa. Memori kadi mbili zingetosha hadi Jumapili usiku. Flashi moja nayo ikabaki. Stendi akakabidhiwa dereva wa boda, akaifunga kwa mpira kando ya siti. Lenzi ndefu ikahamishiwa kwenye chumba cha mgongoni, na mkanda wa kiuno, ambao kijana hakuwahi kuufunga tangu anunue begi, ukakutwa umekunjwa ndani ya zipu yake na vumbi la miaka miwili.

Mshale ulisimama kwenye nane na kidogo.

"Haya, shusha," mama alisema. "Kuna mtu na magunia yake hapo nyuma anangoja tangu saa mbili."