Istilahi za Kiini cha Jino na Tiba ya Mzizi Wake

Mgonjwa mmoja wa Nyanda za Juu Kusini, mkulima wa makamo, aliambiwa katika chumba cha meno kwamba gego lake halikuhitaji kung'olewa. Lingeuawa, akaelezwa, kisha mifereji yake ingezibwa. Akatafakari kidogo, akajibu: "Basi daktari, ling'oe tu. Maiti siwezi kukaa nayo kinywani." Waliokuwapo walicheka, lakini gego liling'olewa, nalo lilikuwa gego ambalo lingeweza kutafuna kwa miaka mingi mingine. Tuliposimuliwa kisa hiki hatukuona ujinga wa mgonjwa. Alielewa barabara kila neno aliloambiwa. Kosa lilikuwa katika maneno yenyewe.

Makala haya yanakusudia kuyapima maneno hayo machache kwa ajili ya mfasiri anayepewa kijitabu cha afya ya kinywa, mwalimu anayefundisha somo la mwili wa binadamu, na mtumishi wa serikali anayeandika tangazo la kubandikwa ukutani katika zahanati. Hatunuii kumfundisha tabibu kazi yake. Tumechagua kutazama Mbeya na Iringa, pamoja na Njombe iliyotengwa na Iringa mwaka 2012 na Songwe iliyotengwa na Mbeya mwaka 2016, kwa sababu huko watu wengi hujifunza Kiswahili baada ya Kinyakyusa, Kisafwa, Kihehe au Kibena, na aghalabu mtu wa namna hiyo hulipokea neno kwa maana yake ya wazi kabla ya maana ya kitaalamu. Istilahi inayofaulu kwake itafaulu kwa wengi.

Tuanze na kitu chenyewe. Jino si jiwe, ingawa kwa nje lafanana nalo. Sehemu inayoonekana huitwa taji, na ile iliyozama katika taya huitwa mzizi. Taji limevikwa enameli, ambayo ni ngumu kuliko mfupa na kuliko kitu kingine chochote mwilini. Chini ya enameli kuna dentini, na ndani ya dentini kuna chumba chenye nyama laini, iliyojaa mishipa ya damu na neva. Nyama hiyo hushuka ndani ya mzizi kwa njia nyembamba mpaka kwenye kitundu cha nchani, na hapo ndipo inapounganika na mwili. Ndiyo iliyoijenga dentini kutoka ndani jino lilipokuwa likikua. Inapovimba haina mahali pa kutanukia, kwa kuwa imezungukwa na kuta ngumu pande zote. Na hii ndiyo sababu kitu kidogo kama hicho huweza kumkesha mtu mzima usiku kucha.

Nyama hiyo tuiiteje? Wengi husema "mshipa wa jino". Neno mshipa limekwisha kubeba mzigo mkubwa mno katika lugha yetu: ni njia ya damu, ni neva, na kwa watu wengi ni ugonjwa wa ngiri. Wako pia wanaopenda kusema "uboho", kwa kufananisha na kilicho ndani ya mfupa. Mfano huo unavutia, lakini utamfanya mwanafunzi aamini kwamba jino ni mfupa, jambo ambalo mwalimu atalazimika kulifuta baadaye. Sisi tunaunga mkono kiini cha jino. Kiini ni kilicho katikati ya yai na katikati ya mti, nacho husikika mara moja kuwa ni kitu cha ndani chenye uhai au chenye maana. Twajua kwamba katika biolojia neno hilo limekwisha pewa kazi nyingine, yaani kiini cha seli. Dawa yake ni kutolitumia peke yake: mfasiri na aandike "kiini cha jino" kila mara nafasi inaporuhusu.

Neno linalotutia wasiwasi zaidi ni ganzi. Mtu akila ndimu au embe bichi husema meno yake yameingia ganzi, au yamekufa ganzi, na maana yake ni kwamba yanasisimka na hayataki kuguswa. Lakini chumbani kwa tabibu, sindano ya ganzi ni ile inayoondoa hisi kabisa. Neno moja linataja hisi iliyozidi na hisi iliyotoweka! Sasa fikiria mtu wa Makete au wa Mufindi katika baridi ya mwezi wa Juni au Julai, anayesukutua kwa maji ya alfajiri, kisha anamwambia tabibu, "Jino hili limekufa ganzi." Msikilizaji mgeni aweza kuandika kwamba jino halina hisi, yaani kiini kimekufa, wakati mgonjwa amesema kinyume chake.

Tofauti hiyo si ya kamusi tu. Maumivu yanayokuja na maji baridi na kwisha mara maji yanapotemwa, aghalabu huonyesha kiini kilichokerwa lakini kinachoweza kupona. Maumivu yanayobaki kwa muda mrefu baada ya baridi kuondoka, au yanayojianzisha yenyewe usiku na kupwita, mara nyingi huonyesha kiini kilichodhurika kiasi cha kutoweza kurudi. Na jino lililokuwa likiuma sana kisha likanyamaza ghafla bila tiba halikupona. Yamkini kiini kimekufa, na vijidudu vinashuka kuelekea nchani, vinakoweza kufanya jipu. Kwa hiyo tunapendekeza katika fomu na vijitabu "ganzi" iachiwe sindano, na hali ile nyingine iitwe msisimko wa jino. Swali la kumwuliza mgonjwa lisiwe "Je, lina ganzi?" bali "Ukinywa maji baridi, maumivu hukaa kwa muda gani?" Swali hilo halihitaji istilahi yoyote.

Tuje kwenye mfereji. Ile njia nyembamba ndani ya mzizi imezoeleka kuitwa mfereji wa mzizi, na sisi hatuoni sababu ya kulikataa jina hilo. Gego la chini kwa kawaida lina mizizi miwili na mifereji mitatu. Gego la juu lina mizizi mitatu, na mifereji mitatu au minne. Lakini neno hili lina historia yake huko kusini. Kwa mkulima wa mpunga wa Usangu, wilayani Mbarali, mfereji ni uhai wa shamba, na mtu anayeuziba ni adui wa kijiji kizima. Mwambie kwamba utaiziba mifereji ya jino lake, naye atadhani unamtendea hujuma. Hapana budi maelezo yatangulie: kiini kikishaondolewa, mfereji haupitishi tena kitu chenye faida, na ukiachwa wazi utakuwa maficho ya vijidudu. Tena kitenzi kuziba kimekwisha zoeleka kwa tundu la taji, na si vizuri kazi mbili tofauti zichangie jina moja. Tunashauri jino lizibwe, na mfereji ujazwe.

Kazi yenyewe huenda hivi. Tabibu hutia ganzi, hutenga jino kwa kipande cha mpira ili mate yasiingie, hutoboa taji, kisha huondoa kiini kwa tupa nyembamba ajabu; tupa ya nambari 10 ina ncha ya upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita. Mwaka 1838 Mmarekani aitwaye Maynard alitengeneza kifaa cha namna hiyo kutokana na kamani ya saa. Urefu wa mfereji hupimwa, mathalani kwa picha ya eksirei. Mfereji huoshwa kwa haipokloriti ya sodiamu, iliyo jamaa ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Hukaushwa, kisha hujazwa gutapacha. Jina hili la mwisho lisitafutiwe tafsiri. Linatoka katika Kimalei, ambamo getah ni utomvu wa mti, nalo limeingia katika lugha nyingi bila kubadilishwa sana. Kiswahili nacho kina haki ya kulipokea.

Na je, kuua? Kitenzi hiki kilikuwa cha haki zamani. Mwaka 1836 Shearjashub Spooner, pia wa Marekani, alipendekeza kiini kiuawe kwa aseniki, ambayo ni sumu, na njia hiyo ilidumu kwa muda mrefu sana. Leo tabibu hukiondoa kiini chini ya ganzi, na mara nyingi kimekwisha kufa chenyewe kabla mgonjwa hajafika. Anayekuja na maradhi hayo haletewi kifo. Anaondolewa kilichooza ili jino libaki mahali pake, likiwa limeshikwa na nyuzi hai zinazolifunga katika taya. "Kuondoa kiini" ni usemi wa kweli na hautishi.

Tiba nzima tungeiita matibabu ya mfereji wa mzizi katika vitabu, na katika mazungumzo tiba ya mzizi wa jino. Mwandishi asithubutu kufupisha zaidi. Tangazo lisemalo "Tiba ya mizizi inapatikana hapa" litawaleta watu waliozoea kununua mizizi ya dawa sokoni, na hawatakuwa wamekosea kusoma.

Wako watakaosema kwamba tunachambua nywele. Tunawakumbusha "meno ya plastiki", jina lililoenea katika sehemu kadhaa za nchi tangu miaka ya 1980. Mtoto mchanga akipata homa na kuharisha, ufizi wake ulichokorwa ili vitolewe vitu vyeupe vilivyodhaniwa kuwa ndio ugonjwa. Vilikuwa vichipukizi vya chonge zake za utoto. Jina plastiki lilimwambia mama kwamba kitu kile si cha mwili wa mwanawe, na kisu kikafuata jina.

Yabaki mambo ya kukihifadhi kiini kabla hakijaharibika, nayo yanahitaji istilahi mapema kuliko yote. Uozo ukikikaribia kiini kilicho hai, tabibu aweza kukifunika kwa haidroksaidi ya kalisi, ambayo kikemia si kitu kingine bali chokaa iliyozimwa kwa maji. Hii ni kufunika kiini. Aweza pia kukata sehemu iliyo katika taji tu na kuiacha ile ya mizizini iendelee kuishi. Kwa mtoto jambo hili ni kubwa, kwa kuwa jino la ukubwani huchomoza mzizi wake haujakamilika, na huhitaji kiini hai kwa muda wa miaka mitatu hivi ili liumalize. Gego la kwanza la ukubwani huchomoza mtoto akiwa na umri wa miaka sita hivi, nyuma ya magego ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Kwa hiyo wazazi wengi hulidhani kuwa la utoto, na likitoboka husema liache, litang'oka lenyewe. Tunapendekeza liitwe gego la miaka sita, na katika barua anazopelekewa mzazi wa mtoto wa darasa la kwanza iongezwe sentensi moja fupi: gego hili halina mrithi.