Kujikinga na Madhara ya Ajali za Magari

Bila shaka umewahi kusafiri kwa basi. Basi linapoondoka ghafla, abiria waliosimama huyumba kuelekea nyuma. Dereva anapokanyaga breki ghafla, abiria huyumba kuelekea mbele, na mizigo iliyopangwa ovyo huteleza. Hakuna mtu aliyewasukuma abiria hao. Je, umewahi kujiuliza kwa nini huyumba?

Katika sura hii utajifunza sababu ya jambo hilo. Utaona pia jinsi wanasayansi wa vyuo vikuu walivyolichunguza, na jinsi uchunguzi wao unavyookoa maisha ya watu barabarani.

Jaribio la kwanza

Vifaa: kigari cha kuchezea, ubao wenye urefu wa mita moja hivi, tofali, udongo wa mfinyanzi, uzi mwembamba, na utepe wa kitambaa wenye upana wa sentimita mbili.

Finyanga kisanamu cha mtu kwa udongo laini, kisha kikalishe juu ya kigari. Usikifunge. Inua upande mmoja wa ubao na uuegemeze juu ya vitabu. Weka tofali mahali ubao unapoishia. Achia kigari kiteremke.

Umeona nini? Tofali limekizuia kigari, lakini kisanamu hakikusimama pamoja nacho. Kimeendelea mbele mpaka kikagonga tofali. Kitu kilicho katika mwendo huendelea na mwendo wake mpaka kitu kingine kikizuie. Msukumo au mvuto unaokizuia huitwa kani.

Sasa rudia jaribio hilo. Mara hii kifunge kisanamu kwenye kigari kwa uzi mwembamba. Kisanamu hakikuruka, lakini kitazame vizuri. Uzi umekikata kifua. Kifinyange upya na ukifunge kwa utepe mpana. Utaona kwamba hakikuruka wala hakikukatika. Kani ile ile ikienea mahali papana, huumiza kidogo kuliko ikikusanyika mahali pembamba. Likumbuke jambo hili, kwa maana tutalirudia.

Migongano mitatu

Gari linapogonga mti, watu husema kwamba ajali moja imetokea. Kwa kweli migongano ni mitatu. Kwanza, gari hugonga mti na kusimama. Pili, abiria asiyefungwa huendelea na mwendo na kugonga usukani, kioo au kiti kilicho mbele yake. Tatu, viungo vilivyo ndani ya mwili, kama vile ubongo, moyo na ini, huendelea na mwendo na kugonga mifupa inayovizunguka. Mambo haya yote hutokea kwa muda mfupi kuliko muda wa kupepesa jicho.

Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kwa kila sekunde. Pima mita 17 katika uwanja wa shule yenu, uone jinsi umbali huo ulivyo mkubwa. Mtu anayegonga kitu kigumu kwa mwendo huo huumia kama mtu aliyeanguka kutoka mita 14 juu, yaani kutoka paa la nyumba ya ghorofa nne. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeruka kutoka huko, lakini watu wengi hukaa garini bila kufunga mkanda.

Wazazi wengine hudhani kwamba wanaweza kumzuia mtoto kwa mikono. Hilo haliwezekani. Gari lenye mwendo huo likisimama kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtoto mwenye kilo 10 atavuta mikono ya mama yake kama mzigo wa kilo 170 hivi. Mzigo huo unakaribia magunia mawili ya mahindi. Upendo wa mama ni mkubwa, lakini mikono yake haiwezi kuushika mzigo huo.

Rubani aliyeuliza swali

Mwaka 1917, kijana mmoja Mmarekani aliyeitwa Hugh DeHaven alikuwa akijifunza urubani. Ndege yake iligongana angani na ndege nyingine, ikaanguka. DeHaven alivunjika miguu, na viungo vya tumboni mwake viliumia vibaya, lakini hakufa. Alipokuwa hospitalini, alifikiri sana juu ya majeraha yake. Aligundua kwamba tumbo lake liliumizwa na kifungo cha mkanda aliokuwa ameuvaa, kwa sababu kifungo hicho kilikuwa na ncha iliyochomoza.

Siku zile watu wengi waliamini kwamba kufa au kupona katika ajali ni bahati tu. DeHaven hakukubali. Aliuliza hivi: ni kitu gani hasa kilichoniumiza, na je, kingeweza kutengenezwa vizuri zaidi?

Baadaye alichunguza habari za watu walioanguka kutoka mahali pa juu sana, mita 15 hadi zaidi ya mita 40, wasife. Aliandika habari zao mwaka 1942. Aliona kwamba watu hao hawakuangukia vitu vigumu visivyobonyea. Wengine waliangukia udongo laini wa bustani, na wengine waliangukia vitu vya bati vilivyobonyea. DeHaven alifanya pia majaribio ya kudondosha mayai juu ya sponji, na mayai hayo hayakupasuka. Wewe pia unaweza kufanya jaribio la namna hiyo bila kuharibu mayai.

Jaribio la pili

Finyanga vidonge viwili vya udongo laini, viwe duara na vyenye ukubwa sawa. Simama juu ya kiti. Dondosha kidonge kimoja juu ya sakafu ya saruji. Dondosha cha pili ndani ya ndoo iliyojaa pumba za mahindi. Viokote na uvilinganishe.

Kidonge kilichoangukia saruji kimebonyea. Kilichoangukia pumba kimebaki karibu kama kilivyokuwa. Vyote viwili vilianguka kwa mwendo ule ule. Tofauti ni kwamba saruji ilikisimamisha kidonge mara moja, na pumba zilikisimamisha polepole kidogo. Kadiri kitu kinavyopewa nafasi na muda zaidi wa kusimama, ndivyo kani inayokiumiza inavyopungua. Kwa sababu hii, sehemu ya mbele ya magari ya kisasa hutengenezwa ili ijikunje gari linapogonga. Bati likijikunja, abiria hupata nafasi ya kusimama.

Abiria na vikombe

Mfanyabiashara anayesafirisha vikombe hachukui vikombe vyake na kuvitupa ndani ya sanduku tupu. Huchagua sanduku imara lisilofunguka njiani. Huvifunga vikombe visichezecheze. Huweka nyasi kavu au magazeti kati yao. DeHaven alilinganisha abiria na vyombo vinavyosafirishwa namna hiyo. Alieleza kwamba gari linapaswa kuwa kama sanduku zuri. Lisifunguke, limshike abiria mahali pake, na ndani yake pasiwe na vitu vigumu vilivyochomoza.

Kazi ya vyuo vikuu

DeHaven alifanya kazi yake katika Chuo Kikuu cha Cornell, nchini Marekani. Katika miaka ya 1950, watafiti wa chuo hicho walikusanya habari za maelfu ya ajali za magari. Polisi walijaza fomu na kupiga picha za magari yaliyoharibika, na madaktari waliandika majeraha ya kila mtu. Watafiti walipozilinganisha habari hizo, waligundua kwamba milango ya magari ilifunguka mara kwa mara wakati wa ajali, na kwamba watu waliotupwa nje walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa kuliko waliobaki ndani. Walivunja imani ya zamani kwamba ni afadhali kurushwa nje. Kufikia mwaka 1956, magari mapya ya Marekani yalianza kuwekwa vitasa imara zaidi vya milango.

Katika mji wa Detroit, Chuo Kikuu cha Wayne State kilichunguza jambo jingine. Kuanzia mwaka 1939, daktari mpasuaji wa ubongo, E. S. Gurdjian, alishirikiana na mwalimu wa uhandisi, H. R. Lissner. Walipima kani inayoweza kuvunja fuvu la kichwa. Baadaye mwalimu mwingine wa chuo hicho, Lawrence Patrick, alijifunga yeye mwenyewe katika kiti kilichokimbizwa na kusimamishwa kwa ghafla, ili apime jinsi mwili unavyostahimili. Alifanya hivyo mamia ya mara. Vipimo kama hivyo viliwasaidia wahandisi kutengeneza sanamu zenye umbo la binadamu. Leo sanamu hizo huwekwa ndani ya magari yanayogongeshwa makusudi katika majaribio, ili watu wasiumie.

Mkanda wa usalama na kofia ngumu

Mwaka 1959, mhandisi wa Sweden aitwaye Nils Bohlin alitengeneza mkanda wa usalama wa namna mpya kwa ajili ya magari ya Volvo. Mkanda huo hushikwa mahali patatu. Hupita begani, kifuani na juu ya nyonga. Kampuni hiyo iliwaruhusu watengenezaji wengine wa magari kuutumia ubunifu huo.

Kumbuka jaribio la kwanza. Mkanda wa usalama ni mpana kama utepe, si mwembamba kama uzi. Tena huikaza mifupa yenye nguvu, yaani mbavu na nyonga, wala hauligandamizi tumbo lililo laini. Kwa hiyo, unapouvaa, hakikisha kwamba sehemu ya chini imekaa juu ya nyonga na sehemu ya juu imepita kifuani. Usiuweke shingoni wala chini ya kwapa. Mtoto mdogo anahitaji kiti chake maalumu kinachofungwa ndani ya gari.

Kichwa cha mpanda pikipiki nacho kina kinga yake. Mwaka 1941, Hugh Cairns, daktari mpasuaji wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, alieleza jinsi kofia ngumu zilivyowakinga wapanda pikipiki na majeraha ya kichwa. Mwaka huo huo jeshi la Uingereza liliwaamuru askari waliopeleka barua kwa pikipiki wavae kofia hizo. Ganda gumu la kofia hueneza kani, na utando laini wa ndani hukipa kichwa nafasi ya kusimama, kama zilivyofanya pumba za mahindi. Abiria wa bodaboda anaihitaji kofia hiyo sawa na dereva wake.

Elimu hii imefika pia Afrika Mashariki. Nchini Kenya, kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 ziliagiza matatu yawe na mkanda katika kila kiti, na yawekewe kifaa cha kuyazuia yasizidi kilomita 80 kwa saa.

Kumbuka

1. Kinachomuumiza mtu katika ajali ni kusimama kwa ghafla.
2. Kani hupungua mtu akipata muda na nafasi zaidi ya kusimama, na huumiza kidogo ikienea mahali papana.
3. Mwendo ukiongezeka mara mbili, madhara huongezeka zaidi ya mara mbili.
4. Funga mkanda kila unapoukuta garini, hata kama safari ni fupi.
5. Majeraha ya ajali yana sababu zake. Kila sababu inayojulikana inaweza kuzuiwa.

Maswali

1. Kwa nini kisanamu kiliendelea mbele baada ya kigari kusimama?
2. Eleza migongano mitatu inayotokea gari linapogonga mti.
3. Ni kitu gani kilichomuumiza Hugh DeHaven tumboni? Kitu hicho kilikosewa wapi?
4. Mama amempakata mtoto katika kiti cha mbele cha gari, naye anasema, "Nitamshika vizuri." Utamweleza nini kwa heshima?
5. Chunguza jinsi wauza mayai wa sokoni kwenu wanavyoyapanga mayai yao. Andika mambo matatu ambayo mtengenezaji wa magari angeweza kujifunza kwao.