Fizi: Picha ya karibu ya mdudu inavyoweza kuokoa shamba la mahindi

Mvua za Septemba zinapoanza, mashamba ya mahindi na muhogo hujaa watu kandokando ya barabara inayopanda kutoka Baraka, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, kuelekea Fizi milimani. Wiki chache baadaye huja asubuhi ambayo kila mkulima anaiogopa. Majani machanga yametoboka, na katikati ya mhindi, pale majani mapya yanapochomoza, kuna uchafu unaofanana na unga wa mbao. Chini ya uchafu huo amejikunja kiwavi.

Kabla ya kununua dawa, kuna swali moja linalotaka jibu. Kiwavi huyo ni nani?

Kulijibu swali hilo wilayani Fizi, mkoani Kivu Kusini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, si kazi rahisi. Mtaalamu anayeweza kumtambua huenda yuko Uvira, zaidi ya kilomita 80 kaskazini mwa Baraka, au Bukavu ambako ni mbali zaidi. Barabara huharibika wakati wa mvua, na mapigano yamezifunga njia hizo mara nyingi. Kiwavi akitiwa ndani ya kopo atakufa na kuoza kabla ya kufika. Picha yake hufika kwa dakika chache, mtandao ukiwepo.

Lakini lazima iwe picha inayosomeka. Hapo ndipo upigaji wa picha za karibu kabisa, ambao wapenzi wake huuita makro, unapoacha kuwa burudani ya wenye kamera za bei kubwa na kuwa chombo cha kazi shambani.

Alama za kutafuta

Adui mkubwa wa mahindi kwa sasa ni kiwavijeshi vamizi, mdudu mwenye asili ya Amerika. Aliripotiwa barani Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, na kufikia mwaka 2018 alikuwa ameingia katika nchi zaidi ya 40 za bara hili. Nondo wake anaweza kuruka hadi kilomita 100 kwa usiku mmoja. Jike hutaga mayai kwa mafungu, fungu moja likiwa na mayai mia moja hadi mia mbili, na kuyafunika kwa manyoya mepesi.

Kwenye picha nzuri, kiwavi huyu hujitambulisha mwenyewe. Usoni ana mistari hafifu inayochora herufi Y iliyopinduliwa. Karibu na mkia, kwenye pingili ya pili kutoka mwisho, ana madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe za mraba. Viwavi wengine wanaweza kuwa na kitu kinachofanana na alama ya kwanza, kwa hiyo wataalamu hupenda kuziona zote mbili pamoja. Funza anayetoboa mabua ya mahindi, anayeitwa bungua, hana mpangilio huo wa madoa manne.

Tatizo ni ukubwa. Kiwavijeshi aliyekomaa ana urefu wa sentimita tatu hadi nne na mkulima anaweza kuyaona madoa yake kwa macho. Lakini akifikia hapo amekwisha kula sehemu kubwa ya chakula chake, amejificha ndani kabisa ya mmea, na dawa humfikia kwa shida. Muda mzuri wa kumdhibiti ni akiwa mdogo, na wakati huo macho matupu hayawezi kuzisoma alama zake. Akifikia urefu wa takriban sentimita moja, picha iliyopigwa kwa karibu huanza kuonyesha kile ambacho macho yamekikosa. Siku hizo chache ndizo zinazoamua kama shamba litavunwa.

Kosa la jina lililogharimu miaka

Kwamba jina sahihi la mdudu lina uzito kiasi hicho, Kongo yenyewe ni shahidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kidung'ata wa muhogo, mdudu laini aliyefunikwa na unga mweupe, alionekana kwa mara ya kwanza barani Afrika katika eneo la Kinshasa na Brazzaville. Alitoka Amerika Kusini. Hapa Afrika hakuwa na adui wa kumzuia, akaenea nchi hadi nchi akidumaza muhogo unaolisha mamilioni ya watu.

Watafiti walikwenda Amerika kutafuta adui wake wa asili. Kaskazini mwa Amerika Kusini walimkuta kidung'ata aliyefanana naye kabisa, wakachukua nyigu wadogo waliokuwa wakimshambulia. Nyigu hao hawakuweza kuzaliana juu ya kidung'ata wa Afrika. Baadaye ilibainika kwamba walikuwa wamepata mdudu wa aina nyingine, aliyetofautiana na yule waliyemtafuta kwa mambo madogo ambayo huonekana chini ya darubini.

Mwaka 1981 kidung'ata halisi alipatikana Paraguay, na pamoja naye nyigu aitwaye Anagyrus lopezi, ambaye urefu wake hauzidi milimita mbili hivi. Taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto, IITA, yenye makao yake Ibadan nchini Nigeria, ilianza kumwachia nyigu huyo mashambani mwaka huohuo, kisha akasambazwa katika nchi nyingi za Afrika. Mtaalamu wa Uswisi aliyeongoza kazi hiyo, Hans Herren, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Ugali wa muhogo na sombe vinavyoliwa Baraka hadi leo vina deni kwa nyigu ambaye watu wengi hawajawahi kumwona.

Mwanga, utulivu na subira

Kwa maana kamili, picha ya makro ni ile ambayo sura ya mdudu ndani ya kamera ina ukubwa sawa na mdudu mwenyewe, au zaidi. Kamera zenye lenzi maalumu hufanya hivyo bila taabu, lakini bei yake ni kubwa kwa mkulima wa Fizi. Simu ya kawaida ikisaidiwa na lenzi ndogo ya kubanwa juu ya kamera yake inatosha kumtambua kiwavi. Asiye na lenzi anaweza kudondosha tone dogo la maji safi juu ya kioo cha kamera kisha akaigeuza simu taratibu. Tone hilo hukuza kama lenzi, ingawa kwa simu isiyozuia maji ni kujitakia hasara.

Saa nzuri ni alfajiri. Usiku wadudu hupoa, na kabla ya jua kuwapasha moto huwa wazito wa kukimbia. Mwanga wa asubuhi pia ni mlaini. Jua la saa sita mchana hung'arisha mgongo wa mdudu hadi alama zinafutika. Anayelazimika kupiga picha wakati huo hukinga jua kwa karatasi nyeupe au kitambaa chepesi, mwanga ukapita kwa upole.

Kadiri simu inavyosogea, ndivyo sehemu inayoonekana wazi inavyokuwa nyembamba. Kichwa kikiwa safi, mkia unakuwa ukungu. Dawa yake ni kuiweka simu sambamba na mwili wa mdudu, kugusa kioo mahali palipo na alama inayotakiwa, na kupiga picha nyingi mfululizo ili kuchagua moja. Kuvuta picha kwa vidole kabla ya kupiga hakuongezi undani. Ni bora kuikata baadaye. Upepo unaotikisa jani huzuiwa kwa kulishika kikonyo kwa mkono wa pili, na viwiko vikiegemezwa magotini mikono hutulia.

Picha moja haitoshi. Mtaalamu anahitaji kuona mgongo, ubavu, kichwa, na pia jani lililoharibiwa. Njiti ya kiberiti ikilazwa kando humwonyesha ukubwa wa mdudu. Jina la mmea, tarehe na kijiji huandikwa pamoja na picha. WhatsApp hupunguza ubora wa picha inapotumwa kwa njia ya kawaida, kwa hiyo ni vyema kuituma kama faili.

Tangu mwaka 2018 pia kuna programu ya simu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani kwa ushirikiano na IITA na shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO. Huangalia majani kupitia kamera na kutambua dalili za kiwavijeshi vamizi pamoja na magonjwa ya muhogo kama batobato na michirizi ya kahawia, hata pasipo intaneti. Magonjwa hayo mawili ya muhogo huenezwa na inzi weupe, wadudu wa takriban milimita moja wanaokaa chini ya majani. Anayepiga picha ya jani kwa juu tu hatawaona.

Rafiki mwenye miguu minane

Faida nyingine ya kutazama kwa karibu ni kuwatambua wasiostahili kuuawa. Buibui si mdudu kwa maana ya kisayansi. Ana miguu minane badala ya sita, hana vipapasio, na wengi wana macho manane. Shambani hula nondo na viwavi. Dawa inayonyunyizwa bila kujua nani ni nani humuua yeye na nyigu pamoja na adui, na msimu unaofuata adui hurudi akikuta hakuna wa kumzuia.

Buibui mrukaji, mwenye macho mawili makubwa yanayotazama mbele, ndiye kipenzi cha wapigapicha wa makro duniani kote kwa sababu huigeukia kamera na kuitazama. Watafiti waliofanya kazi kando ya Ziwa Victoria wamemwelezea mmoja wa jamii hiyo, Evarcha culicivora, anayeishi Kenya na Uganda. Huyu hupendelea kumkamata mbu jike aliyekwisha kunywa damu, na hasa mbu wa aina inayoeneza malaria. Kwa mji kama Baraka, ambako malaria ni ugonjwa wa kila mwaka, habari hiyo inatosha kumfanya mtu afikiri mara mbili kabla ya kumkanyaga buibui ukutani.

Kamera katika eneo la vita

Fizi ina hatari ambayo vitabu vya upigaji picha haviitaji. Mtu anayeinama kichakani akiwa na simu mkononi anaweza kudhaniwa kuwa mpelelezi. Karibu na barieri, kambi za wanajeshi au maeneo yenye watu wenye silaha, simu hubaki mfukoni hata kama kipepeo wa ajabu ametua mbele. Katika shamba la mtu, ruhusa ya mwenye shamba hutangulia, na kijijini chifu hujulishwa.

Simu nyingi pia huhifadhi mahali hasa picha ilipopigwa. Taarifa hiyo inamfaa anayefuatilia wadudu, lakini picha ikiwekwa hadharani inaweza kuonyesha njia na makazi ya watu. Kuzima huduma hiyo na kuandika jina la kijiji peke yake ni kinga nzuri.

Juu ya Fizi, milima inapanda hadi Itombwe, msitu uliotangazwa kuwa hifadhi mwaka 2006. Huko alipatikana bundi mmoja wa ajabu mwaka 1951, kisha hakuna aliyemkamata mwingine hadi mwaka 1996. Ikiwa ndege mzima aliweza kuwakwepa wataalamu kwa miaka 45, ni rahisi kuelewa jinsi wadudu wengi wa milima hiyo walivyobaki bila kupigwa picha wakiwa hai. Picha yenye tarehe na mahali, hata iliyopigwa kwa simu, ni ushahidi unaobaki.

Mkulima aliyeamka na kukuta majani yametoboka hana haja ya kufikiria yote hayo. Akipata jibu mapema kwamba ni kiwavijeshi, anaweza kupita mstari kwa mstari akiponda mayai na viwavi wadogo kwa vidole, au kutia mchanga na majivu katikati ya mmea, kama wakulima wengi wa Afrika wanavyofanya. Akiambiwa si yeye, anaokoa fedha ambayo angeitumia kununulia dawa isiyo na kazi.