Msanii Akisimama Kando ya Kazi Yake: Tumsikilizeje?



Kutoka Kariakoo hadi Upanga si safari. Ukishuka mwendokasi kituo cha Fire, unafuata barabara ya Umoja wa Mataifa na tayari umefika. Wengi wetu huenda Upanga kwa ajili ya wagonjwa wa Muhimbili, au shule, au ofisi. Wachache tunajua kwamba Upanga ni pia mahali pa sanaa. Goethe-Institut ya Wajerumani ipo pale, Alliance Française ya Wafaransa ipo pale, na katika kumbi za namna hiyo hufanyika maonyesho ya pamoja: wasanii kadhaa wanatundika kazi zao katika ukumbi mmoja, na siku moja wanasimama mbele ya watu kuzieleza.

Makala hii inahusu siku hiyo ya kuzieleza. Tunataka kujibu maswali mawili. La kwanza ni la kifalsafa: je, kazi ya sanaa inahitaji maneno ya aliyeifanya? La pili ni la kichungaji: je, jambo hili linatuhusu sisi waseminari na waamini wa parokiani, au ni starehe ya watu wengine?

Maonyesho ya pamoja ni nini?

Katika maonyesho ya mtu mmoja, msanii anaongea peke yake. Katika maonyesho ya pamoja, kazi zinaongea zenyewe kwa zenyewe. Mchoro wa soko unatundikwa karibu na kinyago cha mpingo, na batiki karibu na picha ya kamera. Anayepanga nini kikae wapi ni msimamizi wa maonyesho, na kupanga huko nako ni kusema jambo. Kando ya kila kazi huwekwa karatasi ndogo yenye jina la msanii, jina la kazi, mwaka, vitu vilivyotumika na vipimo.

Siku ya mazungumzo, kila msanii hupewa dakika chache mbele ya kazi yake. Halafu watu wanauliza. Hapo ndipo wengi wetu hunyamaza, kwa sababu tunadhani swali letu ni la kijinga, au kwamba mambo haya yana wenyewe.

Historia ya mahali penyewe inatukatalia dhana hiyo.

Nyumba ya Sanaa na Sista mmoja

Mwaka 1972, Sista Jean Pruitt, mtawa wa Shirika la Maryknoll, alianzisha hapa Dar es Salaam kituo kilichoitwa Nyumba ya Sanaa. Baadaye kikawa na jengo lake katika barabara ya Upanga. Wasanii walichonga, walichora, walitengeneza batiki na kuchapa picha palepale, na mgeni aliweza kuwaona wakifanya kazi. Hakukuwa na ukuta kati ya kazi na aliyeifanya.

George Lilanga, Mmakonde kutoka kusini, aliingia pale na kupewa kazi ya ulinzi. Mlinzi huyo alikuwa mchongaji. Akapewa nafasi ya kuchora, kuchapa na kutengeneza batiki, na mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Marekani. Hadi anafariki mwaka 2005, alikuwa miongoni mwa wasanii wa Tanzania wanaojulikana sana duniani.

Tunalitaja hili kwa sababu moja. Mlango ambao Lilanga alipitia ulifunguliwa na mtawa. Basi mwamini asijione mgeni katika ukumbi wa maonyesho wa Upanga; Kanisa lilikwisha kuwapo pale.

Picha haijibu

Sasa twende kwenye swali la kwanza. Sisi tusomao falsafa tunamkuta Plato mapema sana, naye ana mambo mawili yanayogusa shauri hili.

Katika mjadala wa Phaedrus, Socrates anasema picha zinafanana na viumbe hai, lakini ukiziuliza jambo, zinakaa kimya. Picha haiwezi kukuambia, “Hapana, hukunielewa.” Yeyote anaweza kusimama mbele yake na kuisingizia maana yoyote.

Katika Apologia, Socrates huyohuyo anasimulia jinsi alivyowaendea watunzi wa mashairi na kuwauliza maana ya mashairi yao. Akagundua kwamba watu waliosimama kando waliweza kuyaeleza vizuri kuliko watunzi wenyewe. Akahitimisha kwamba hawatungi kwa hekima, bali kwa kipaji na kama kwa kuvuviwa.

Tukiyaweka mawili haya pamoja, tunapata kanuni ya kiasi. Kazi ikiachwa peke yake haiwezi kujitetea, hivyo ni haki kumsikiliza aliyeifanya. Lakini aliyeifanya si bwana wa maana yote iliyomo ndani yake, hivyo si lazima tukubali kila analosema. Msanii ni shahidi wa kwanza wa kazi yake. Si hakimu wa mwisho.

Maandiko Matakatifu yanaongeza jambo ambalo Plato hakulijua. Katika kitabu cha Kutoka, Mungu anamjaza Bezaleli Roho, akili na ujuzi wa kila kazi ya ufundi kwa ajili ya Hema. Tukisoma sura ya 35, aya ya 34, tunaona kwamba Bezaleli na Oholiabu walipewa pia uwezo wa kufundisha. Anayepewa kipaji cha kutenda anaweza kupewa na cha kueleza.

Maswali manne ya kuuliza

Basi tuulize nini? Aristotle anatufundisha kwamba kukijua kitu ni kujua sababu zake, naye anataja nne: maada, umbo, mtendaji na lengo. Darasani tunazikariri kwa ajili ya mtihani. Katika ukumbi wa maonyesho zinakuwa maswali manne rahisi: kimetengenezwa kwa nini? Kimepewa umbo gani? Nani amekitengeneza, naye ametoka wapi? Ni kwa ajili gani?

Tumchukue Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, aliyeanza kuchora mwaka 1968 hapa Dar es Salaam. Maada yake ilikuwa ubao mwembamba wa dari na rangi inayong'aa ya kupakia baiskeli. Umbo lilikuwa mnyama au ndege mmoja, mkubwa, katikati ya uwanja wa rangi moja. Mtendaji alikuwa mtu aliyekuja mjini kutafuta riziki. Lengo, kwa sehemu kubwa, lilikuwa kuuza, hasa kwa wageni wa maeneo ya Oysterbay. Maswali manne yameondoa hadithi nyingi za kupamba.

Tingatinga alifariki mwaka 1972, amechora kwa miaka michache tu. Mpaka leo wataalamu wanabishana mtindo wake ulitoka wapi: wengine wanautafuta katika michoro ya kuta za nyumba za kusini, wengine kwingineko. Huenda ubishi huo ungepungua kama watu wangeketi naye na kumuuliza alipokuwa hai. Hii ndiyo thamani ya mazungumzo na wasanii. Msanii akiondoka, anaondoka na majibu.

Neno “shetani”

Hapa tunafika kwenye jambo linalowasumbua waamini kweli. Miongoni mwa vinyago vya Kimakonde kuna aina inayoitwa shetani, ambayo huhusishwa na mchongaji Samaki Likankoa tangu miaka ya 1950. Maumbo yake yamepinda, jicho moja, mdomo mkubwa, viungo vimekwenda upande. Viumbe wa Lilanga, wenye masikio makubwa na matumbo ya kuchekesha, nao ni wa ukoo huo. Mkristo akisikia jina, anajivuta nyuma. Wengine husema kitu kama hicho kisiingie nyumbani kwa mbatizwa.

Tusiidharau hofu hiyo. Ipo misingi yake, kwani imani yetu inatukataza kuabudu kitu chochote kilichoumbwa. Lakini falsafa inatudai tutofautishe kabla ya kuhukumu. Katika Kiswahili cha pwani na bara, neno shetani hutumika pia kwa viumbe wa hadithi, pepo wa porini, vituko vya usiku, si kwa Ibilisi wa Injili peke yake. Kuchora kitu si kukiabudu. Hata makanisa ya Ulaya yana sanamu za mazimwi juu ya kuta zake, na picha zetu za Mtakatifu Mikaeli zina joka chini ya miguu yake.

Njia ya haki ni kuuliza lile swali la nne: hiki ni kwa ajili gani? Je, ni kuchekesha? Ni kukemea ulafi wa wakubwa? Ni kukumbuka hadithi za bibi? Au kweli kinatumika katika ibada? Msanii akiwa amesimama pale, linajibika kwa dakika mbili. Asipokuwepo, tunahukumu kwa jina tu, na kumhukumu jirani kwa jina ni kosa la haki, si kosa la ladha.

Kanisa linatudai nini?

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya liturujia, Sacrosanctum Concilium, unafundisha katika namba 123 kwamba Kanisa halikuchagua mtindo mmoja wa sanaa kuwa wake peke yake, bali limepokea mitindo ya kila zama na kila taifa. Namba 129 inatuhusu waziwazi sisi waseminari: wakati wa masomo ya falsafa na teolojia tufundishwe historia ya sanaa takatifu na kanuni zake. Kwa hiyo anayekwenda Upanga kusikiliza wasanii hakimbii masomo.

Mapapa nao wamelifuata hilo. Paulo VI alikutana na wasanii katika Kikanisa cha Sisto mwaka 1964. Yohane Paulo II, ambaye ujanani alikuwa mwigizaji na mtunzi wa tamthilia, aliwaandikia barua mwaka 1999, akitofautisha Muumba anayeumba bila kutumia chochote na fundi anayekipa umbo kilichopo. Benedikto XVI alikutana nao mwaka 2009, na Fransisko mwaka 2023.

Kwa parokia zetu maana yake ni hii. Tunapotaka Njia ya Msalaba mpya au picha ya msimamizi wa kigango, mara nyingi tunanunua iliyochapwa dukani kwa sababu ni rahisi na haraka. Tukimwita msanii wetu, tunampa vipimo na bei, kisha tunamlalamikia Bikira Maria akiwa na sura tusiyoizoea. Hatukuzungumza naye kabla. Halmashauri ya parokia ingemwalika kwanza aeleze anachokusudia, waamini wakauliza, Baba Paroko akapata ushauri wa tume ya jimbo ya sanaa takatifu kama Mtaguso unavyoelekeza, magomvi mengi yasingezaliwa. Na tumlipe inavyostahili. Bwana alifundisha kwamba mtenda kazi anastahili ujira, wala hakuwatoa wachoraji.

Kwa atakayekwenda

Tunapendekeza mambo machache. Fika kabla ya mazungumzo, utazame kila kazi kimyakimya kabla ya kusoma karatasi yake. Chagua moja tu iliyokugusa au kukukera, uisubiri. Msanii akimaliza, muulize moja kati ya yale maswali manne, kwa Kiswahili chako cha kawaida. Kama hukubaliani naye, mwambie kwa heshima. Wengi hufurahi kubishiwa kuliko kusifiwa bure. Ukirudi, wasimulie wanajumuiya wako ulichokiona.

Nasi waseminari tukumbuke kwamba siku moja tutakuwa na makanisa ya kupamba na vijana wenye vipaji vya kulea. Tuanze sasa kujifunza kuwasikiliza.