Je, Tumepanda Basi Linalokwenda Wapi?

Tukiitwa kusikiliza mhadhara, mara nyingi twajua yatakayotokea. Mgeni anazungumza, tunapiga makofi, kisha kila mtu anarudi nyumbani na shida zake zilezile. Lakini iko njia nyingine.

Mwaka wa 1977 Profesa Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement, na akina mama wakapanda miti vijijini. Baadaye ziliongezwa semina za elimu ya uraia. Mwalimu hakuanza na majibu. Watu wenyewe walitaja shida zao, kisha wakatafuta chanzo. Wengi walilaumu serikali, na kweli ilikuwa na makosa. Lakini waliulizwa pia: na sisi je, tumechangia nini?

Profesa alipenda mfano wa basi. Tuseme unataka kwenda Mombasa, lakini umepanda basi la Kisumu. Imekuwaje? Pengine hukuuliza. Pengine ulidanganywa, au uliogopa kusema. Hata ukilia, hutafika Mombasa. Ni lazima ushuke! Taifa pia laweza kupotea hivyo. Profesa alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka wa 2004, akafariki mwaka wa 2011, lakini swali lake lingali nasi.

Kikundi chenu chaweza kuandaa mhadhara kama huo bila gharama kubwa:

1. Chagueni jambo moja linalowagusa, kwa mfano bajeti ya kaunti na dawa za zahanati. Katiba ya 2010, Kifungu cha 196, yataka bunge la kaunti lishirikishe wananchi. Kifungu cha 35 champa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.

2. Mwalikeni mtu anayelijua jambo hilo. Aongee nusu saa tu, kwa lugha ambayo hata nyanya ataielewa.

3. Wakati unaobaki ni wa maswali. Akina mama na vijana wapewe nafasi, si wazee peke yao.

4. Katibu aandike mambo manne: shida, chanzo, kazi yetu wenyewe, na tutakalodai kwa kaunti. Mkutano unaofuata uanze kwa kusoma karatasi hiyo, tuone lipi limetendeka.

Asiyeuliza hupangiwa na wengine. Je, kikundi chenu kitaanza na swali gani? Lijadilini mkikutana.